Namba ya Malalamiko

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi na saba,
kompyuta ya mezani kwangu ilikohoa mara moja
ikanyamaza.
Kioo kikawa cheusi, nikajiona humo:
mtandio umekwenda upande, kinywa wazi.

Nikapiga Nairobi, makao makuu.
Kinanda kikanipokea, kibwagizo kile kile
mara kumi na moja,
kisha mwanamke wa kanda akaniambia
simu yangu ni muhimu sana kwao.
Nikamwamini. Nilikuwa bado mgeni.

"Umejaribu kuizima na kuiwasha?"
Ndugu yangu, imejizima yenyewe,
ndiyo maana nakusumbua.
"Sawa. Basi jaribu kuiwasha."

Akanipa namba: sifuri, nne, nne, saba, moja, sita.
Sikuwa na karatasi, nikaiandika kiganjani.
Jioni nikaoga nayo, nikala wali nayo,
haikutoka.

Jumanne namba yangu "imepokewa."
Jumatano "inashughulikiwa."
Alhamisi "imepokewa" tena,
kama mtoto aliyerudishwa darasa.

Na huko Kilindini, kontena la Bwana Shallo
limejaa vigae vya bafu, limekaa juani.
Bandari haingoji mtu bure;
kila kukicha yaongeza bei.
Naye kila kukicha yuko mlangoni petu,
kofia mkononi:
"Bi Zuwena, leo je?"
"Wasema fundi yuwaja."
"Yuwaja kwa miguu?"

Bosi wetu Karimbhai aliizaba kofi ubavuni,
tiba aliyoizoea kwa televisheni ya marehemu babake.
Likatoka vumbi, na sisimizi wawili
wakaondoka bila haraka.

Nikalifukua daftari kubwa kabatini,
lenye karatasi ya kaboni na harufu ya kombamwiko.
Mwandiko wangu ulikuwa umesahau njia.
Nikajaza ukurasa mzima, nikaupeleka forodhani;
karani akautazama
kama mtu aliyeletewa ngamia benki.
"Mama, hii nitaiingiza wapi?"

Siku ya tisa fundi akaja.

Maneno nilikuwa nimeyaweka tayari,
makali, yamepangwa kwa vituo,
nimeyarudia usiku hadi dada yangu Mwanajuma
akagonga ukuta.
Lakini kijana aliomba maji kwanza.
Akanywa bilauri mbili amesimama.
Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu la Kinango
na juu ya vumbi, mchanga wa Msambweni.
"Mko wangapi?" nikamuuliza.
"Pwani yote? Mimi."
Jina lake Nyamawi.

Skrubu nne. Ya tatu ilikuwa imeliwa na chumvi,
akaibembeleza kwa mafuta ya nazi niliyomkopesha,
yale ya mikono yangu.
Kifuniko kikafunguka.
Mjusi kafiri, mkavu kama mdalasini,
amelala, mkia kwenye waya huu, kichwa kwenye ule,
na pembeni mayai mawili, madogo kuliko njugu,
mazima.

"Huyu ndiye," akasema Nyamawi,
akamtoa taratibu kwa ncha ya kadi ya benki.
"Wa tatu mwezi huu. Wafuata joto."

Basi tumepona?
Akatikisa kichwa. Kifaa kimeungua,
kingine kitoke Nairobi, ameshakiagiza.
Lini?
Akakunjua mkono wake wa kushoto,
nami nikaona, kwa wino wa buluu uliofifia,
sifuri, nne, mbili...
"Hata wewe wapewa namba?"
"Yangu ya mwezi wa tatu."

Yale maneno yangu sijui yalikwenda wapi.
Nikamimina chai.
Mayai nikayaweka dirishani, ndani ya kifuniko cha gundi,
Karimbhai akayatazama, asiseme kitu.

Mlangoni, kofia mkononi:
"Bi Zuwena, leo je? Kifaa?"
Tukajibu pamoja, mimi na Nyamawi,
bila kupatana:
"Chaja."

Bwana Shallo akafikiri kidogo.
"Chaja ya simu?"