Pazia la Gunia

Mbele nauza chumvi, viberiti, sabuni ya mche,
mafuta ya alizeti kwa chupa na kwa kijiko.
Nyuma ya pazia la gunia kuna jiliwa,
drili moja ya umeme, keekee mbili za mkono,
na benchi la mninga lenye makovu kushinda magoti yangu.

Hapa Kibaigwa tumezoea mizani:
gunia linapanda, gunia linashuka, bei inatajwa.
Nilipoandika ubaoni BENCHI SAA MOJA MIA TANO
dalali Msanjila alicheka hadi akakohoa.
"Damari, siku hizi unakodisha kelele?"
Nakodisha, nikamjibu. Vumbi natoa bure.

Vumbi, kweli, lilinitia adabu.
Wiki ya kwanza unga wa mbao uliingia kwenye sukari.
Mama Lechipya alirudisha kilo nzima,
akasema chai yake inaota mti.
Ndipo nikashona pazia, magunia manne, uzi wa viatu.
Sauti halizuii.
Sikutaka lizuie.

Nina madaftari mawili.
La mbele: fulani, sabuni mbili, atalipa akivuna.
La nyuma: fulani, tupa moja, atarudisha jioni.
Siku moja niliyachanganya,
nikamtaka Perisi arudishe chumvi
ilhali alishailia mlenda.

Uniti za umeme nazinunua kwa faida ya viberiti.
Mwezi wa pili mita ililia usiku kucha
nami nikalala nikiisikiliza.

Akaja mtu wa Mlali, anatafuta bawaba ya mlango.
Ninazo, elfu mbili mia tano.
Akapapasa mifuko yote, ikatoka elfu moja.
Nikamfungulia pazia.
Alikata bati la pipa, akakunja, akatoboa;
umeme ulipokatika Perisi alimshikia tochi kwa meno.
Alitoka na bawaba iliyopinda kama nyusi ya mtu anayeshuku,
lakini mlango hauangalii sura.

Binti yangu, anayesoma uhasibu mjini, alipiga hesabu kwa simu:
mama, umepoteza elfu mbili,
umepata mia tano na skrubu nne.
Sikubishana naye.
Kesho yake yule mtu alirudi na jirani,
jirani ana jembe lililochomoka mpini,
na wote wawili wana kiu.

Halafu Nyemo.
Alinunua misumari kumi na mitano ya inchi nne;
nikadhani anaezeka banda.
Siku tatu akiigonga kuwa bapa, mmoja mmoja,
akiinua sikioni, akikunja uso, akigonga tena.
Siku ya nne foleni ya mbele ilinyamaza.
Mtu alikuwa katikati ya kulalamikia bei ya mahindi
akaiacha sentensi yake hapo hapo, juu ya kaunta.
Ilimba ilikuwa inaita kutoka nyuma ya gunia.

Ameitundika rafuni, kati ya viberiti na dawa ya mbu.
"Niandike bei gani?"
"Usiandike."
"Duka ni duka, Nyemo."
Akafikiri. Akapangusa vidole kwenye suruali.
"Basi andika: misumari ipo."

Nimeandika.
Leo Msanjila amesimama chini ya kibao kile, kofia mkononi,
anauliza inchi nne bei gani,
na benchi je?
Misumari nimemuuzia.
Benchi, nimemwambia asubiri nje kidogo,
kuna mtu.