Herufi Arobaini na Mbili

Naandika maneno ya chini ya filamu.
Malipo ni kwa dakika, na mstari hauzidi
herufi arobaini na mbili, nafasi zikihesabiwa.
Hii imetoka Italia. Imenifikia Nakuru,
nyumba ya pili kutoka reli, mtaa wa Shabab,
ndani ya kijiti cha plastiki kifupi kuliko kidole.

Kiitaliano nilikiokota jikoni kwa masista,
miaka minne nikiwamenyea viazi.
Nilijua kwanza chumvi, kisha moto, kisha kisu.
La upendo nililijua mwisho,
Sista Fiorenza akisema na paka.

Ndiyo maana nimekwama dakika ya hamsini na tatu.

Mwanamke amesimama dirishani, Torino, mvua.
Kitanda nyuma yake kimetandikwa upande mmoja.
Mume anavua saa, anavua viatu,
anavua kila kitu isipokuwa ile siku
wasiyoitaja.
Kisha anasema: ti voglio bene.
Hakusema lile jingine, lile la kuunguza.
Amesema la paka.

Na Kiswahili changu, tajiri wa ngeli,
kinanipa neno moja mlangoni: nakupenda.
Nakupenda wewe, napenda ugali, napenda Ijumaa.
Nikiliandika, mtazamaji wa Molo
atadhani wamepatana.
Nakuthamini: hilo la barua ya kustaafu.
Nakutakia mema: hapo ameshapanda basi.
Nakutaka. La.
Hapo mwanamke angegeuka.

Saa kumi na mbili na robo. Makhanu anarudi
kutoka kinu cha unga, zamu ya usiku,
nyusi zimezeeka kabla yake.
Mimi huamka ndipo yeye alale.
Godoro letu halipoi, majirani wangecheka,
lakini hatujakutana juu yake tangu Machi,
Machi aliyokaa Kitale wiki tatu
akarudi na shati ambalo si lake.
Sikuuliza. Nililifua.
Nikalianika, nikalipiga pasi, nikalikunja.
Hulivaa Jumapili.

Leo hakwenda kuoga. Amesimama nyuma ya kiti,
ananukia magunia na ngano mbichi,
anatazama watu wawili wasio na sauti;
sauti yote iko masikioni mwangu.
"Huyu alifanya nini?"
"Hatujaonyeshwa."
"Na mke anajua?"
"Anajua."
Akanyamaza muda wa treni ya mizigo kupita,
vikombe vikitetemeka kabatini
hata kile kisicho na mkono.
"Basi huyo hana uso wa kusema nakupenda,"
akasema. "Mwandikie aseme sogea."

Sogea.
Herufi tano. Zimebaki thelathini na saba.
Nikaliweka chini ya kidevu cha yule mgeni
nikalirudia, nikalirudia:
sogea, njoo hapa nilipo;
sogea, nipishe nipite.
Lugha yangu imekataa kusema upande gani.

Mwenye kazi atalirudisha, najua,
na wino mwekundu: hii si tafsiri.
Nikalihifadhi hivyo hivyo.

Chumbani nasikia buti likianguka.
Nangoja la pili.
Stima imebaki uniti nne. Chai inachemka,
inapanda, inataka kumwagika, naiacha.
Mwanamke wa Torino nimemsimamisha,
mkono wake nusu ya njia kwenda kwenye pazia.

Mlango hakuufunga.
"Makhanu," naita, kwa sauti
ambayo hata mimi siijui vizuri,
"sogea."

Kitanda kinalia mara moja.
Sijui amekwenda ukutani
au amekuja ukingoni.