Sababu ya Kurudisha

Kitufe cha Nunua na kitufe cha Nirudishie
siku hizi vinalingana, upana kwa urefu,
kijani kilekile.
Ilichukua miaka minne ya vikao.
Zamani hicho cha pili kilikaa chini kabisa,
kijivu juu ya kijivu, kama deni la ndugu.

Mimi ndiye ninayekaa nyuma yake,
ghorofa ya tatu, Katowice, zamu ya usiku,
na theluji ya Februari imeegemea dirisha
kama mteja asiye na haraka.

Sheria ni nyepesi:
siku kumi na nne hazijapita, hujacheza saa mbili,
hela yako inarudi,
na hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi.
Mali ikishauzwa hairudishwi —
maneno hayo baba aliyabandika juu ya kaunta
ya duka lake la viatu
na akayaamini kuliko Injili.
Kazi yangu nimemficha. Anajua tu niko "kwenye kompyuta."

Kuna kisanduku cha sababu. Si lazima kukijaza.
Watu hukijaza.
"Unanitia kichefuchefu."
"Mwanangu alibonyeza, ana miaka minne, ana bidii."
"Tulinunua ili tucheze wawili. Sasa niko mmoja."
Kubali. Kubali.
Kwa huyo wa tatu nilisimama kwanza, nikachemsha chai.
Kubali.

Kisha Ginter Kołodziejek, wa Bytom.
Mchezo: wa kuchimba makaa ya mawe.
Muda aliocheza: saa kumi na moja, dakika ishirini.
Sababu: "Nilifanya kazi chini ya ardhi miaka ishirini na sita.
Paa la mgodi haliporomoki kimya namna hii.
Jiwe hulia kwanza. Hulia kama mlango,
halafu kama mbwa, ndipo hushuka.
Asiyelisikia hazeeki.
Mnawafundisha watoto uongo."

Saa kumi na moja! Mashine ilishamkatalia, tena kwa wekundu.
Ila kila karani ana hisani tatu kwa mwezi,
za kuvuka mstari bila kumweleza mtu.
Ya kwanza nilimpa mama mmoja
ambaye paka wake alilala juu ya kibodi hadi asubuhi.
Ya pili ilikwenda Ostrava, kwa kijana aliyenunua mara mbili.
Ya tatu nilikuwa naibania
kama mtu abaniavyo nauli ya kurudi.
Nikampa.

Akajibu baada ya siku mbili:
"Sikuomba pesa. Lakini asante,
nimewanunulia njiwa wangu ngano."

Maneno yake ya jiwe niliyapeleka kwa waliotengeneza mchezo.
Wakanirudishia kijipicha cha uso unaocheka.

Machi akanunua tena. Akarudisha.
Sababu: "Bado halilii."
Aprili akanunua, akarudisha. "Bado."
Mei, vivyo hivyo, na salamu za njiwa.
Mkuu wetu, Dobrawa, akaniita pembeni:
huyu mzee anatuchezea?
Nikamfungulia kumbukumbu, akasoma mwenyewe.
Kila mara, saa moja na dakika hamsini na tisa.
Tutamwambia nini? Sheria tuliiandika sisi,
tukajisifu kwayo kwa herufi kubwa.
Dobrawa akacheka mpaka akavua miwani.

Leo mchezo umetoa toleo jipya.
Marekebisho ni mengi: mwanga, kivuli, kofia za wachimbaji,
na kule chini, mstari wa arobaini na kitu,
kwa herufi ndogo: sauti ya mwamba, imeongezwa.

Saa nne usiku Ginter amenunua.
Nimeshughulikia wengine, jicho moja kwenye saa.
Saa tano. Kimya.
Saa tano na nusu nimejikuta naomba,
mimi ninayelipwa kurudisha,
kwamba huyu mmoja asirudishe.

Saa sita kasoro dakika moja, ombi limeingia.
Sababu: "Mlango nimeusikia. Vizuri sana.
Mbwa bado."

Kubali.