Kiungo cha Pili

Gari lilipowaka lilitoa sauti mbili:
moja ya ngurumo, ile aliyoinunua Nasra
kwa mshahara wake wa kwanza wa ghalani,
na nyingine ambayo hakuna aliyeilipia:
tik, tik, tik, tik,
kama mtu anayehesabu deni kwa ukucha.

"Ni baridi tu," akasema. "Likipata moto linanyamaza."
Linanyamaza, ndiyo. Chuma kikipata moto kinatanuka,
kinaziba aibu yake kwa muda.
Lakini harufu ile kwenye kiti cha nyuma, mwanangu,
si harufu ya baridi.

Tulikuwa hatujasemezana tangu Novemba,
aliporudi na begi kutoka chuoni,
akaliweka kwenye korido, likakaa,
mpaka tukazoea kuliruka.
Kwa hiyo haya yalikuwa maneno mengi.

Bletchley, Jumapili, chumvi ya barabarani
imekauka nyeupe juu ya lami.
Jeki. Stendi mbili. Matofali kwenye magurudumu,
maana sikupanda ndege nije kufia chini ya Honda.
Nikatandika boksi la televisheni, nikaingia chali.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema;
hawakusema kutu itamwingia jichoni.

Bomba jipya lilimetameta kama sufuria za bibi harusi.
Nati zote zimekazwa,
zimekazwa na mtu mwenye hasira:
upande huu zimezama, upande ule panapumua.

"Ulianzia wapi kukaza?"
"Nyuma."
"Unalining'iniza lote kwanza, legelege,
lijipange lenyewe kwenye mipira yake.
Halafu ndiyo unakaza, toka injini kuja mkiani,
nati hii kidogo, mwenzake kidogo."
Hakujibu. Tochi ilicheza ukutani.

Bwana Pugh wa namba kumi na tisa akaja na slipa zake
na mashine ya kufagilia ya marehemu mkewe,
ya zamani, inayoweza kupuliza badala ya kuvuta.
Tukaichomeka mkiani, tukafunga kwa tambara,
injini imezimwa, ekzosi ikajaa pumzi ya zulia.
Nasra akanyunyiza maji ya sabuni, kiungo kwa kiungo.
Sikio langu la kushoto nililiacha kiwandani,
kwa hiyo yeye ndiye aliyesikia kwanza:
"Hapa, Baba."
Cha pili. Povu likachanua, likapasuka, likachanua.

Nikafungua. Ndani, gasketi ya zamani,
nyeusi, bapa kama chapati ya jana.
"Umerudishia hii?"
"Ilikuwa nzima."
"Gasketi hubanwa mara moja tu. Ikishashika
umbo la kiungo cha kwanza, haikubali kingine."
Nikasikia nilichosema.
Nikaomba spana ya kumi na nne.

Alikwenda kwa miguu kununua mpya,
pauni nne na peni sitini, kabla duka halijafungwa.
Mimi nikabaki nakwangua masizi kwa kisu cha siagi,
namtazama Bwana Pugh kuanzia magotini kushuka,
akinieleza mkewe alivyopenda mazulia mekundu.

Aliporudi nilimpa spana, nikashika tochi.
Hakunisemesha, wala hakukosea.
Nati hii kidogo. Mwenzake kidogo.
Vidole vyake vyembamba viliingia
mahali ambapo vyangu vingeomba ruhusa.

Tukaliwasha likiwa baridi kabisa, kama jiwe.
Ngurumo, basi.
Tukasubiri ile nyingine, vichwa vimeinama
kama watu wanaosubiri kuambiwa "amin".
Haikuja.

Jumanne Bwana Pugh akalalamika:
amechelewa miadi ya daktari wa macho;
siku zote huamshwa na ile tik tik
Nasra anapokwenda zamu ya alfajiri.

Na mimi, usiku huo, nikienda kunywa maji gizani,
niliinua mguu juu kwenye korido
kuliruka begi ambalo halikuwepo.