Futikamba

Saa kumi na moja alfajiri, Karume bado giza.
Belo linakatwa kwa mwanga wa simu iliyobanwa menoni,
nguo zinafuka dawa na kabati za watu wa mbali.
Mimi sinunui. Nasubiri.
Cherehani yangu imeegemea ukuta wa muuza chapati,
futi shingoni, chaki nyuma ya sikio:
anayechagua gizani
kukicha atanitafuta.

Wa kwanza Rwegasira, karani wa bandarini,
tumbo limemtangulia kama mgeni rasmi.
Kashika fulana ya wakimbiaji, ya kubana,
inang'aa kama mgongo wa kambale.
"Fundi, nipanulie ubavuni."
Baba, ya kubana haifichi tumbo, inalipigia mbiu.
Wala usikimbilie ile saizi ya tembo,
ukawa turubai la msiba lisilo na wafiwa.
Chukua koti hili la bluu iliyokolea:
mshono wa bega umekomea bega lako linapokomea,
pindo limetua nyongani, halikuning'inii, halikukabi.
Zipu iache wazi nusu.
Jicho la mtu litapanda na kushuka na zipu,
lisahau kwenda kando.

Ombeni naye, kipa wa Vingunguti, kimbaumbau,
mikono mirefu kuliko ahadi za diwani,
anataka trakisuti ya kutoshea yeye na mwenye nyumba wake.
Mwanangu, mwembamba hanenepi kwa kukopa kitambaa.
Upepo ukivuma, nguo ndiyo itakuvaa.
Tafuta pamba nzito, mistari ikate kifua kwa mapana,
suruali iufuate mguu taratibu,
lastiki ikae juu ya raba, isiimeze.
Kacheka, kaleta nyingine. Hiyo, nikamwambia. Hiyo hiyo.

Shomvi ni mfupi, mapaja vinu,
ndiye hushika bendera ya jogingi Tandika kila Jumapili.
Bukta yake ilimfika chini ya magoti, ikamkata vipande viwili.
Nikaipandisha inchi tatu, nikampa fulana ya rangi ileile,
akajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya jirani,
akainua kidevu.
Tangu siku ile ananiita daktari.

Wengine siwashauri.
Yupo ambaye mguu mmoja ni mwembamba kuliko mwenzake.
Namshonea suruali pana, miguu yote miwili sawa.
Siulizi, hasimulii.
Analipa elfu tatu, chenji hangojei.

Na alikuwepo Pazi, wangu,
mpakia magunia wa Buguruni, pandikizi la mtu.
Trakisuti yake ya kijani tuliipata hapahapa,
ikamkaa kana kwamba aliyeishona Ulaya alimwona akipita.
Mwaka ule nikaipunguza inchi mbili.
Baada ya mfungo, tatu.
Mara ya mwisho futi ilimzunguka kiuno ikabaki,
ikabaki tu mkononi mwangu, ndefu,
nikajifanya natafuta pini.
Mistari ya ubavuni ilikwishahamia tumboni.
Nikashika mkasi. Akanishika kiganja:
"Usiikate, Mwanahawa. Ikunje kwa ndani.
Nikirudi kwenye mwili wangu nitavaa nini?"

Iko nyuma ya mlango, kwenye msumari.
Inchi tisa za kijani zimelala ndani ya mshono,
hazijaona jua.

"Fundi," Rwegasira ananiita, kidole kakiingiza mkononi mwa koti,
"mbona huku ndani umeacha kitambaa kingi hivi?"
Hicho cha kwako, baba. Akiba.
Elfu mbili na mia tano.
Na usinipe noti ya kumi, asubuhi hii sina chenji.