Mnyambuliko wa Kitenzi Tegemea

Kwenye kadi yangu ya ukaazi, chini ya picha
ambayo nilikatazwa kutabasamu,
wameandika neno ambalo kwetu ni mtegemezi.
Nimelisoma kama ninavyosoma insha ya kidato cha pili,
kalamu nyekundu mkononi, nikitafuta kosa.

Sarufi haina kosa.

Kiomboi nilitegemewa. Kauli ya kutendwa,
lakini mtendwa alikuwa na mshahara:
ada ya wadogo zangu wawili, dawa za presha za mama,
bati kumi na nane za nyumba ya shangazi,
vyote vilipita kwenye chaki yangu.
Miaka kumi na moja ya Kiingereza,
wanafunzi sabini, vitabu ishirini,
nikirudia wakati uliopita hali timilifu
hadi mbuzi wa jirani wakauzoea.

Hapa Dundee Gwamaka anachunguza ugonjwa wa viazi.
Chuo kimempa maabara, koti jeupe na funguo.
Mimi nimepewa yeye.

Sikunyimwa ruhusa ya kazi, nisiwasingizie.
Ipo kwenye barua, aya ya nne.
Ila ruhusa si ugali.

Nimetuma maombi thelathini na mawili.
Shule moja ilitaka cheti cha hapa.
Nyingine ilitaka uzoefu wa hapa.
Nyingine ilitaka mtu wa hapa; haikusema hivyo,
ilisema imempata mwingine na inanitakia kila la heri,
nami nikaisahihisha koma yao
kabla sijalia.

Kwa Bi Pratley, ghorofa ya tatu,
nilipewa chai iliyotiwa maziwa baridi.
"Kiingereza chako kizuri mno," akasema,
kwa sauti ya kumsifu mtoto aliyejifunga viatu.
"Ndiyo lugha yako ya kwanza?"
Nilitaka kumwambia: ya kwanza ni Kinyiramba,
ndiyo ninayolilia.
Ya pili Kiswahili, ndiyo ninayohesabia hela
na kugombania chenji.
Hii ni ya tatu. Ndiyo iliyotulisha.
Nikasema, "Hapana."
Akaandika kitu kifupi.

Mvua ya huku hainyeshi, inasengenya.
Nilipochoka kusengenywa nikapanda basi,
dereva akaniuliza jambo mara tatu
kwa Kiingereza ambacho hakimo
katika kitabu chochote nilichofundishia.
Yeye hajaombwa cheti.

Jumanne, chumba cha chini cha kanisa, bila malipo:
Parwana wa Herat, Tesfalem wa Keren,
kinyozi Mkurdi anayeingia na harufu ya losheni.
Jino la Parwana lilikuwa na wiki tatu linamuuma.
Tukafanya mazoezi ya simu:
mimi mapokezi, yeye mgonjwa,
kisha yeye mapokezi, mimi mgonjwa,
na hapo nikajikuta ninasema kweli.

Leo kaja anacheka, shavu moja limevimba.
Kapiga simu mwenyewe!
Wamempa Alhamisi, saa tatu kasorobo.
Na yule wa mapokezi kamuuliza,
"Samahani, mama, wewe ni wa Afrika?
Naona kama lafudhi yako ya huko."

Kinyozi alicheka hadi akatafuta kiti.
Mimi niligeukia ubao, nikafuta pasipo na kitu.
Kiingereza changu cha Kiomboi,
kile kile kisichoajirika,
na ile r yangu inayokwaruza kama jembe kwenye changarawe,
kimehamia mdomoni mwa mwanamke wa Herat,
kimemtafutia daktari wa meno
katika mji huu wa mawe ya kijivu.
Hakuna aliyekiuliza viza.

Usiku Gwamaka karudi, viatu vimelowa,
begani mfuko wa viazi vya maabara,
vile vizima, anasema, vile visivyougua.
"Leo umepata kazi?"

Kazi ninayo, nikamwambia.
Kilichokosekana ni mshahara.
Menya viazi.