Dirisha la Asubuhi

Ghorofa ya pili, Mtaa wa Narung'ombe,
juu ya duka la beringi na feni belti,
kompyuta ya Somoe Pazi iligoma siku ya Jumanne.
*Leseni imekwisha*, ikasema,
kwa adabu, kama barua ya mwenye nyumba.

Leseni mpya: mshahara wa mwezi, na nauli juu.
Tajiri akaguna. Nikaitwa mimi.

Niliweka mfumo wa bure, ule wa watu
wanaoandika usiku na kugawa asubuhi,
msimbo wake wazi kama sinia la karamu:
mwenye njaa ale, ajuaye aongeze chumvi.
Ukawaka. Ukatulia.
Lakini Stoo haikufunguka.

Stoo ni programu ya marehemu Ambilikile.
Aliiandika mwaka elfu mbili na tatu
kwa mfumo mmoja tu, kama mtu aliyezoea mlango mmoja.
Vipuri elfu kumi na moja vimo mle,
na madeni ya watu wa Tandika,
na ya waliohama bila kuaga.

Nilipima njia mbili.
Ya kwanza, kuwasha mashine ndani ya mashine:
ujenge nyumba nzima, bafu na baraza,
ili upate msumari wa kutundikia koti.
Feni ikalia. Somoe akabofya,
akaenda kuswali adhuhuri, akarudi,
bado inafikiri.

Ya pili inaitwa Mvinyo.
"Humu ofisini?" akastuka.
Si kilevi, dada. Wenyewe wameapa ndani ya jina lake
kwamba haiigi mtu. Ni mkalimani tu:
Stoo ikiomba kwa lugha ya kwao
yeye hulifikisha ombi kwa lugha ya hapa,
na kila upande unadhani uko nyumbani.
Mwanzoni alikosea. Mwezi ukatangulia siku,
shilingi ikageuka kisanduku kitupu.
Nilirekebisha mpaka taa za Msimbazi zikawaka,
na Stoo ikafunguka.

Hapo ndipo nilipouona mkono wake.
Kifundo kimefungwa kitambaa, chanuka dawa ya kuchua.
Kila ankara: ruka, ruka, ingiza, namba, ruka, ndiyo.
Mara mia tatu kwa siku.
Miaka kumi na tisa.

Nikatafuta kidole cha kuazima.
Kimoja hubofya kwa kuhesabu hatua,
kulia mia nne, chini mia mbili;
ukisogeza dirisha kidogo
kinabofya hewa, tena kwa bidii.
Kingine hutafuta sura ya kitufe.
Kina macho, ila kizito,
na ukibadili rangi ya ukuta hakimjui mtu.
Cha tatu huliita dirisha kwa jina,
hupiga hodi, husubiri liitike.
Nikakichukua hicho,
japo najua mifumo mipya ina mlinzi getini
asiyependa mikono isiyo na mwenyewe.

Nikakiandikia mistari ishirini.
Ankara zikaanza kujijaza, moja, nyingine, nyingine,
na Somoe amekaa, viganja mapajani,
kama mgeni jikoni kwake.

Kesho yake alinisubiri ngazini.
"Kuna dirisha umelila," akasema.
Lipi?
"La kufungulia."

Nikazuia kidole. Nikaiwasha Stoo polepole.
Likatokea, dogo, la kijivu, kona ya kushoto:

*Umekunywa chai, Somoe?*

Na chini yake kitufe kimoja tu:
*Bado.*

Hakueleza. Sikuuliza.
Feni ya dari ilizunguka, chini mtu akapatana bei ya beringi.
Nikaifungua ile mistari ishirini
nikaongeza wa ishirini na moja:
ukikuta jina hili, simama.
Usibonyeze.
Mwenyewe anakuja.